Perege wa Mlango wa Ghala

"Samaki ambaye hakuna aliyemwona, ana ukubwa gani?"

Swali hilo aliliuliza Wahu, jirani wa kina Nasimiyu, ambaye watu wote walimwita mama Munene, mwaka mmoja kabla ya mambo haya. Siku hiyo watu walikuwa wamepanga mstari wakingoja posho, mvulana jirani, Jotham, akaja mbio kutoka bwawani akisema kwamba perege mkubwa kama mlango amemkatia mshipi. Mama Munene alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akamwuliza swali lake, na watu wakacheka hata unga ukamwagika. Nasimiyu naye alicheka. Hakujua kwamba swali lile lingekuja kupiga hodi kwake.

Nasimiyu alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Wazazi wake, Festus na Edah, walikuwa wametoka Misikhu, upande wa Bungoma, wakaja kufanya kazi katika shamba la mzungu mmoja karibu na Endebess. Mambo haya yalitokea mwaka wa 1949. Baba alikuwa amerudi Misikhu kumzika ndugu yake, na mama alikuwa na mtoto mchanga wa majuma matatu. Kwa hiyo kazi zote zikawa za Nasimiyu. Alfajiri alichota maji, akawasha moto, akapika uji, akafua vitambaa vya mtoto. Kisha alikwenda kupukuchua mahindi pamoja na wanawake, ili posho ya mama isikatwe. Jioni vidole vilimwuma hata kushika mwiko kukawa kazi. Shuleni hakuwa amefika tangu mtoto azaliwe.

Mama mwenyewe hakuwa na nguvu. Maziwa yalimtoka kidogo kidogo, na mtoto alilia kwa sauti nyembamba kama ya paka aliyefungiwa chumbani. Dresa, yule mtoa dawa wa zahanati, alikuwa amesema wazi, "Uji mtupu hautoshi, mama. Tafuta samaki, maharagwe, mboga. Mtoto hunyonya kile ulichokula wewe." Lakini posho ilikuwa unga na chumvi, na maharagwe yalikwisha siku nyingi.

Katika shamba hilo palikuwa na bwawa la kunyweshea ng'ombe, na ndani yake waliishi perege, ambao wengine huwaita ngege. Wafanyakazi waliruhusiwa kuvua Jumamosi alasiri. Na kwenye mlango wa ghala la mahindi palichongwa kwa kisu umbo la samaki. Lilikuwa umbo la perege aliyevuliwa na mzee Wekoye miaka sita iliyopita. Mwenye shamba aliahidi blanketi jipya kwa mtu yeyote atakayevua mkubwa zaidi. Wengi walijaribu, wakagombana, mmoja akasema samaki amevutwa mkia. Ndipo ikawekwa sheria: samaki aletwe mzima, apimwe pale mlangoni, na Hiram, karani wa shamba, amwone kwa macho yake.

Jumamosi hiyo Nasimiyu alikwenda bwawani akiwa amechoka kweli kweli. Alitia nyungunyungu kwenye ndoano, akautupa mshipi, akajizungushia ncha yake mkononi, akaegemea kichuguu. Kabla hajamaliza kupiga miayo alikuwa amelala.

Aliamshwa na mkono wake mwenyewe. Ulikuwa ukivutwa kuelekea majini! Alisimama, akateleza, akakaa matopeni, akavuta. Mshipi ulimkata ngozi, hakuuachia. Mwishowe maji yakachafuka, na perege akatoka akipigapiga mkia. Alikuwa mpana kama sinia, mgongo mweusi, miiba imesimama. Mmoja ulimchoma kiganjani, damu ikatoka. Nasimiyu hakuijali. Umbo la pale mlangoni alilijua kama alivyojua uso wa baba yake.

"Huyu anampita wa mzee Wekoye," alisema peke yake.

Mara akakumbuka. Hiram alikuwa ameondoka mchana kwenda Kitale kuleta magunia, na hangerudi mpaka Jumatatu. Samaki aliyekufa hamngojei karani.

Nasimiyu alikaa akafikiri. Nyumbani walilala watatu chini ya blanketi moja lililotoboka, na baridi ya Endebess haina huruma. Akimpeleka samaki leo, mama atakula, na blanketi litapotea. Akimweka hai mpaka Jumatatu, mama atapata vyote viwili. Ni siku mbili tu, si ndiyo? Akamtia perege ndani ya gunia, akalifunga mdomo, akalizamisha kwenye maji ya kina kifupi katikati ya matete, kamba akaifunga kwenye mzizi.

"Umepata chochote?" mama aliuliza alipomsikia mlangoni.

Nasimiyu alijua kwamba akisema kweli, mama atataka mchuzi jioni ile ile. "Sikupata kitu, Mama."

"Si neno. Mungu hajalala. Kesho ni siku yake." Mama akakwangua ugali uliobaki chunguni, akaugawa. Fungu kubwa akamsogezea Nasimiyu.

"Mama, hilo ni lako."

"Kula, mwanangu. Wewe ndiye unayefanya kazi."

Nasimiyu alikula.

Asubuhi walikwenda kwenye maombi, mama akitembea polepole na kupumzika kila baada ya hatua chache. Nasimiyu alimbeba mtoto. Watu waliposimama mmoja mmoja kutoa shukrani, mama naye alisimama, akajishikilia kwenye benchi. "Namshukuru Mungu kwa binti yangu," alisema. "Amechoka, lakini hajaninung'unikia. Na akisema neno, neno lake ni neno."

Watu wakasema amina. Nasimiyu hakuweza kuitika.

Njiani kurudi nyumbani, mama alipokaa juu ya jiwe kupumzika, Nasimiyu alibaki amesimama mbele yake. "Mama," alisema, "neno langu si neno. Jana nilipata samaki. Mkubwa. Nimemficha bwawani nikimngojea karani, kwa sababu ya blanketi."

Mama hakumgombeza. Alikuwa amechoka mno kugombeza, na jambo hilo lilimwuma Nasimiyu kuliko fimbo.

"Yu hai?"

"Asubuhi nilipopita kumtazama alikuwa hai."

"Basi nenda ukamlete."

Mama Munene alikuwa nyuma yao, na masikio yake hayakupitwa na kitu. Yeye alitoka upande wa Nyeri, na kwao watu wa umri wake hawakuzoea kula samaki. "Ngai, Mungu wangu! Mimi sili hao nyoka wenu wa maji," alisema, "lakini huyo lazima nimwone. Twende, msichana."

Walimkuta perege yu hai, lakini amelala ubavu, mdomo ukifunguka na kufungika polepole. Walipompitisha karibu na ghala, mama Munene akasema, "Simama. Mweke hapo." Akashika mkia kwa ncha ya leso yake, uso ameugeuza pembeni kama mtu anayekunywa dawa chungu, na Nasimiyu akakishika kichwa. Wakamlaza kwenye umbo lililochongwa. Mkia ulikwenda kupita mstari.

Jotham alikuwa akipita hapo. Alisimama, macho yakamtoka. "Nasimiyu! Ati wewe ndiye umevua huyo?"

"Ni mimi."

"Basi mrudishe majini, bwana! Karani anarudi kesho. Kesho tu! Blanketi hilo ni lako."

Nasimiyu alimtazama perege, akamtazama mama Munene. Kutoka kwenye nyumba za wafanyakazi ilisikika ile sauti nyembamba ya mtoto.

"Mtoto hajui kesho," Nasimiyu alisema. Akamfunga samaki ndani ya gunia, akaenda nyumbani.

Perege hakuingia chunguni mpaka alipokatwa vipande vitatu. Nasimiyu alimpika kwa chumvi na majani ya kitunguu aliyopewa na mama Munene. Mama alikunywa mchuzi bakuli mbili, akala nyama polepole akitema mifupa, jasho likamtoka usoni. Kipande kimoja kilipelekwa nyumbani kwa Jotham. Kilichobaki kilikaushwa juu ya moto, mama akala jioni, akala tena Jumatatu asubuhi. Hatusemi kwamba nguvu zake zote zilirudi kwa siku moja. Lakini Jumatatu mchana mtoto alinyonya, akaacha mwenyewe, akalala mdomo wazi.

Hiram alifika kwao jioni ile, vumbi la njia ya Kitale bado limo kwenye koti lake. Jotham alimfuata nyuma.

"Nasikia kuna perege," karani alisema baada ya kupiga hodi na kukaribishwa. "Yuko wapi?"

"Tumemla, bwana karani," Nasimiyu alijibu.

Jotham akacheka. "Haya! Samaki ambaye hakuna aliyemwona, ana ukubwa gani?"

"Nyamaza wewe, uliyemwona na ukala kipande chake!" mama Munene alimkemea. "Bwana karani, mimi nilimshika kwa mkono wangu huu. Mimi sili samaki. Nitapata faida gani nikidanganya kwa ajili yake?"

Hiram alitikisa kichwa. "Nakuamini, mama. Lakini sheria ni samaki mzima, mbele ya macho yangu. Blanketi siwezi kulitoa."

"Najua," Nasimiyu alisema. Aliinamisha kichwa. Alikuwa amejua tangu jana.

Mama alimvuta akae karibu naye mkekani. "Sikiliza, mwanangu," alisema, "na wewe Jotham usikilize. Kutamani blanketi si kosa. Hata mimi nasikia baridi. Kosa lilikuwa kunificha. Ungeniambia tangu Jumamosi, tungelipima jambo hili pamoja, mzigo usingekulemea peke yako. Ukweli uliposemwa, samaki alitusaidia. Alipokuwa ndani ya gunia, hakuwa na ukubwa wowote. Hakushibisha mtu. Usiogope kunyimwa zawadi kwa ajili ya kweli. Uogope siku utakayosifiwa kwa neno la uongo, kama nilivyokusifu mimi mbele ya watu."

Nasimiyu alifuta macho kwa kiganja chenye kidonda cha mwiba. "Nisamehe, Mama."

"Nilikwisha kukusamehe pale kwenye jiwe."

Hiram alimtazama mtoto aliyelala, kisha akamgeukia Nasimiyu. "Niambie. Alimpita wa mzee Wekoye kwa vidole vingapi?"

"Vitatu!" mama Munene alirukia. "Vitatu kamili, bwana karani, tena vya mwanamume!"

"Viwili, mama Munene," Nasimiyu alisema kwa sauti ya chini. "Na cha pili hakikutimia."

Karani alisimama. Alitoa kisu kidogo mfukoni, akakifungua, akaufuta ubapa wake kwenye suruali. Kisha akainama kupita mlangoni, akatoka kwenda kuchonga mstari mpya kwenye mlango wa ghala.