Wapishi Wasioonekana wa Bibi Usafi

Mgeni hakuanza na hodi. Alianza kwa kunusa. Bibi Usafi alikuwa akifagia banda la ng'ombe. Alipoinua kichwa, alimwona mwanamke mwenye mabuti amesimama langoni, pua juu.

"Umepoteza nini, mwanangu?"

"Shikamoo, bibi. Mimi fundi wa bayogesi. Nilikuwa napita tu, lakini mtambo wako unanuka uchachu. Gesi inawaka?"

Bibi aliduwaa. Gesi ilikuwa imekatika wiki nzima. Kabla ya hapo samadi ilishuka kwa mfereji hadi shimo la mtambo, na gesi ikapanda kwa bomba hadi jikoni. Sasa alipikia kuni, na moshi ulimkaba Babu mwenye pumu. Hata wakati huo alisikika ndani, akikohoa.

"Lakini nimeutunza!" alisema Bibi. "Banda naliosha kila asubuhi kwa dawa ya kuua vijidudu. Moto ulipopungua, nikamwaga makombo shimoni, ndoo kwa ndoo, upate nguvu."

"Kuku wakakosa makombo yao, wakabaki wanashangaa!" Babu alidakia dirishani.

Fundi alicheka, akachuchumaa kando ya mfereji.

"Bibi, gesi hiyo hupikwa na vijidudu. Wengi wao ni bakteria. Ni wadogo mno, jicho haliwaoni. Wa kwanza huvunjavunja samadi. Wa pili hula mabaki yao, wakatoa uchachu. Wa mwisho huutumia uchachu huo, wakatoa gesi. Taka ya huyu ndiyo chakula cha yule."

"Kumbe wanalishana!"

"Na wanashindana pia. Wanaokula chakula kimoja hunyang'anyana. Tena, wa uchachu huzaana upesi. Ukiwajazia makombo wanafurika, na uchachu wao unawalemea wa gesi, ambao huzaana polepole. Hapo hapo dawa yako inawaua."

"Ala! Vijidudu si adui?"

"Baadhi ni adui. Ndiyo maana baada ya kushika samadi tunanawa kwa sabuni. Lakini humu shimoni una wafanyakazi."

Bibi aliinama, akachungulia shimo kana kwamba angewaona. "Maskini! Nimewatilia sumu wapishi wangu mwenyewe. Sasa tufanyeje?"

"Acha kuulisha mtambo kwanza. Nitakuletea tope kutoka mtambo ulio mzima, liwe mbegu. Kisha utaongeza samadi mbichi kidogokidogo. Ila niahidi, bibi: banda ni ufagio na maji matupu. Dawa isiingie mferejini tena."

"Naahidi."

Neno lilimtoka ndipo akakumbuka: wakwe wapya walikuwa wamepanga kuja kumtembelea baada ya wiki chache. Na jina la Usafi hakujipa mwenyewe.

Fundi alileta tope. Moto ulirudi, mwanzo ukisinzia, halafu ukasimama wa buluu. Kifua cha Babu kikatulia.

Siku ya wakwe ikafika. Walipoingia tu langoni, ng'ombe akachafua banda zima. Harufu ikawapokea kabla ya mwenyeji.

Bibi aliikamata chupa ya dawa. Kifuniko kilikuwa kimeshalegea mkononi. Jikoni, juu ya moto wa buluu, birika likaanza kuimba.

Akairudisha chupa rafuni, akachukua ufagio. Samadi ikarukia gauni lake jipya.

"Ndiye huyu Bibi Usafi tuliyesimuliwa?" mkwe mmoja aliuliza, akiwa ameshika pua.

"Ndiye, mkwe wangu," Bibi alijibu, jasho likimtoka. "Ngoja ninawe mikono, tunywe chai."

Ndani Babu aliangua kicheko kirefu, bila kukohoa.