Siku Jeneza la Jamali Lilipogoma

Asubuhi ile uani kwa Mzee Jamali, Temeke, walikuwepo Shehe Mbaruku, Jumbe Mwinyikondo, Karani Gozbert wa baraza la Jumbe na wanaume wa mtaa. Nyuma ya ua wa makuti walikaa wanawake. Miongoni mwao alikuwa Mwamvita, mwanawe mgongoni, pamoja na mdogo wake Mauwa, shangazi yao, na jirani yao Mkristo, Genoveva.

Genoveva alikuja na uji wa Mauwa, akaupuliza kwanza usije ukamuunguza. Mauwa aliunywa kimya. Hakuwa amesema neno tangu siku aliyotoka kazini nyumbani kwa Jamali, kanga yake imechanika. Mwamvita alipokwenda kushtaki, Gozbert alimzuia mlangoni mwa baraza. Jumbe naye akaamuru binti akamwombe mzee radhi kwa kumsingizia. Ndivyo mambo yalivyokuwa enzi zile za Mwingereza, kwa mtu mwenye minazi mingi kama Jamali.

Sasa Jamali alikuwa amekufa kitandani kwake. Waliomfichia maovu yake walikuwa hai, wamevaa kanzu zilizopigwa pasi. Mwamvita alitaka waseme walichofanya, mbele ya watu.

Kabla jeneza halijatoka, Shehe aliuliza kama ilivyo desturi, "Mnamshuhudiaje maiti huyu?"

"Mtu wa heri," Jumbe akawahi kujibu.

Wanaume wanne wakashika jeneza. Halikunyanyuka. Wakaongezeka wengine. Mbao zikalia, shati la mmoja likapasuka begani. Jeneza palepale.

"Alikonda kwa ugonjwa huyu," mtu akanong'ona. "Uzito kautoa wapi?"

Shehe akauliza tena. Jumbe akafungua kinywa. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ya msichana.

"Baba Jumbe, nifungulie. Nakuona dirishani. Nifungulie."

Jumbe akajiziba mdomo. Sauti ikaendelea kupenya kati ya vidole vyake.

Mwamvita aliijua. Akamgeukia mdogo wake. Midomo ya Mauwa ilikuwa imefumba.

Mwamvita akainuka. Shangazi akamvuta kanga. "Kaa chini, mwanangu. Maiti husitiriwa."

"Maiti simgusi, shangazi. Nawataka hawa wazima."

Bila kuombwa, Genoveva akamfungua mtoto mgongoni, akampakata. Mwamvita akavuka ua, akasimama mbele ya wanaume.

"Shikamoo Shehe. Jeneza hili lisitoke mpaka Jumbe aseme siku ile alikuwa wapi."

"Rudi jikoni, wewe," Gozbert akasema. "Mie pia namshuhudia Jamali. Alikuwa mtu wa..."

Akakwama. Kinywani mwake akalia msichana mwingine, ambaye hakuna aliyemtambua. Alikuwa akimwita mama yake. Kisha akalia mwingine. Kisha mwingine. Gozbert akapiga magoti. "Wote hao niliwarudisha mlangoni mwa baraza," akasema.

Shehe hakumfukuza Mwamvita. Alisogea pembeni ampe nafasi. "Uliza, mwanangu," akasema taratibu.

"Ulikuwa wapi, Jumbe?"

"Kibarazani kwa Jamali, karibu na dirisha." Sasa ilikuwa sauti yake mwenyewe. "Ufunguo nilikuwa nao mimi. Nilimsikia."

"Na ukaamuru mdogo wangu aombe radhi kwa nini?"

"Jamali alikuwa rafiki yangu."

"Sema kwa nguvu. Wa nyuma hawajasikia."

Akarudia. Yote.

Wanaume wanne wakashika tena. Jeneza likapanda, jepesi kama kitanda kitupu.

Hakuna aliyelifuata mara moja. Watu walikuwa wakitazama chini. Mchangani, kuzunguka pale lilipokuwa, palikuwa na alama za viganja. Vidogo. Vingi. Kila upande, kama vya watu waliojiegemeza kwa nguvu zao zote wakilizuia lisiende. Na watoto hawakuwa wameruhusiwa kuingia uani.

Wiki ile Shehe Mbaruku aliwaongoza Mwamvita na mashahidi hadi kwa Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya. Jumbe alivuliwa cheo, na yeye na Gozbert wakafungwa.