Nafasi ya Barua ya Naima

Khamisi hakuwa na cheti cha shule. Hakuwa na kompyuta, wala meza ya kuiwekea. Hakuwa na baba tangu akiwa na miaka kumi na minne, na mama naye alifariki mwaka uleule. Hakuwa na mtu wa kumwelekeza mambo ya simu, maana Masudi, mwanawe wa pekee, alikuwa dereva wa lori na nyumbani Ihumwa alionekana kwa nadra. Na Jumatano ile asubuhi, hakuwa na nafasi hata ya barua moja katika sanduku lake la baruapepe.

Alichokuwa nacho ni mdogo wake mmoja, Naima. Wazazi walipofariki kule Kondoa, Khamisi aliacha shule akalima vibarua ili Naima asome. Naima akawa muuguzi, akaenda kufanya kazi Omani. Kutoka huko alimwandikia kaka yake baruapepe kila mwezi, kwa miaka kumi na mmoja. Khamisi aliuza karanga na ufuta sokoni Majengo, na jioni akaingia darasa la watu wazima ili aweze kumjibu mwenyewe.

Sasa Naima, mjane wa miaka arobaini na saba, alikuwa amepata mchumba. Ndoa ilikuwa ifungwe Ijumaa, hukohuko Omani. Kwa kuwa baba hayupo, wa kumwozesha ni kaka yake; yeye ndiye walii. Walii akiwa mbali, huandika barua ya kumruhusu shehe wa huko aozeshe kwa niaba yake. Ofisi ya ndoa huituma fomu ya barua hiyo kwenye baruapepe ya walii mwenyewe, haipitishi kwa bibi harusi. Lazima irudi na muhuri kabla ya Alhamisi jioni. Ofisi ilikuwa imeituma mara tatu, na mara tatu ikarudishwa, kwa maelezo kwamba sanduku la mpokeaji limejaa.

Khamisi hakukaa bure. Wiki iliyotangulia simu ilimletea tangazo la kuongeza nafasi. Akabonyeza, akalipa, akapata ujumbe kwamba nafasi imeongezeka. Lakini sanduku likaendelea kusema limejaa. Alisubiri siku mbili. Akazima simu, akaiwasha. Limejaa.

"Baba Masudi, si ufute barua za zamani?" alisema mkewe, Amina. "Umezisoma mpaka simu yenyewe imezikariri."

"Zile sizifuti. Ndizo zilizonifundisha kusoma."

Amina hakubishana. Aliifunga simu kwenye leso isiingie vumbi, akamwambia aende kwa Generosa.

Generosa alikuwa na duka la kuchapa na kutoa kopi pale Majengo. Alimwamkia Khamisi shikamoo, akamvutia kiti, akasikiliza habari yote hadi mwisho. Hakuichukua simu. Alimtaka Khamisi aishike na kubonyeza mwenyewe.

"Na neno lako la siri usimwambie mtu, hata mimi. Sasa, mzee wangu, simu hii alikuwekea nani mambo yake?"

Khamisi alieleza kwamba muuzaji ndiye aliyemtengenezea kila kitu siku alipoinunua. Alikuwa amemfungulia na baruapepe mpya, akisema simu inaihitaji. Khamisi aliitikia tu. Yake ya zamani, ya darasa la jioni, aliiongeza baadaye.

"Bonyeza hicho kiduara cha juu pembeni," alisema Generosa.

Khamisi alibonyeza. Zikatokea anwani mbili, zote zina jina lake. Aliifungua ile ya muuzaji. Nafasi ilikuwa kubwa mno, na barua ndani yake hakuna. Akaifungua ile ya zamani. Limejaa.

"Nafasi uliilipia kweli," Generosa alisema kwa upole. "Ila uliilipia anwani ambayo Naima haijui. Ni kama kupanua ghala la nyumba ya pili, wakati magunia yamebanana nyumba ya kwanza."

Khamisi aliifungua tena ile anwani tupu, akaitazama. Kisha akasema, "Mzee mzima, nimejenga ghala la panya."

Generosa alicheka, akamwambia wanaokuja na kosa hilo ni wengi, na wengine wamevaa tai. Kabla ya kulipia nafasi, mtu atazame kwanza kiduara aone yuko kwenye anwani ipi. Akimaliza kulipia ile iliyo sahihi, asubiri, maana mabadiliko huweza kuchukua hata siku nzima. Alimwonyesha jinsi ya kusitisha malipo ya anwani isiyotumika, yasikatwe tena mwezi ujao.

"Na hii ya zamani niilipie?"

"Tuone kwanza nini kimeijaza. Barua za maneno hazina uzito."

Kumbe simu ilikuwa ikinakili picha na video zote kwenye anwani ya zamani. Barua, picha na video hugawana nafasi moja. Kulikuwa na video mia mbili za kikundi cha wauza nafaka, nyingi za watu wakicheza muziki. Generosa alimwonya kwamba akifuta huko, huenda zikafutika na kwenye simu, hivyo atazame kabla ya kufuta. Khamisi alitazama, akafuta. Mwisho alifungua pipa la taka la simu na kulimwaga, kwa sababu kilichomo humo bado kinakula nafasi.

Baada ya muda, lile onyo jekundu likaondoka. Barua za Naima zote zilikuwepo.

"Ila barua iliyorudishwa haiji yenyewe," Generosa alisema. "Waambie watume tena."

Khamisi alimpigia Naima, na Naima akaipigia ofisi. Kabla ya adhuhuri fomu ilifika, ikachapwa.

Alhamisi asubuhi Khamisi aliipeleka kwa Zablon, mwenyekiti wa mtaa, Mgogo na mzee wa kanisa. Zablon aliisoma mara mbili.

"Nimegonga muhuri kwenye hati za viwanja na za ng'ombe. Ndoa ya Kiislamu ndiyo ya kwanza."

"Basi usiugonge kichwa chini."

Ilibaki nafasi moja wazi, iliyoandikwa "Maneno ya walii". Khamisi aliishika kalamu muda mrefu. Kisha akaandika kwa mkono wake, polepole: "Naima ni mdogo wangu, baba mmoja, mama mmoja. Nimemlea. Nimeridhia. Mwozesheni kwa heshima."

Zablon alipuliza muhuri, akaugonga sawasawa pembeni mwa sahihi. Khamisi aliipiga picha barua ile, akatazama kiduara, akahakikisha anwani, akabonyeza tuma.