Kichwa cha Ufunguo

Kila asubuhi Kija alifagia uwanja, akaosha vyombo, kisha akaliosha gari la baba yake mdogo, Mayala. Pale mtaani Kiseke gari hilo ndilo lililokuwa rafiki yake. Alilisalimia, "Shikamoo," na kwa kuwa gari halina mdomo, alijiitikia mwenyewe, "Marahaba."

Baba mdogo alifanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Akirudi alikuwa hoi, akala ugali kimya kama mtu aliye kwenye mtihani, kisha akalala. Tangu Kija aletwe kutoka Magu kuja kusoma, alichokisikia kwake kilikuwa "lete maji" na "funga mlango". Ahadi ilikuwa moja tu: Jumamosi wangekwenda Magu kumwona mama.

Ijumaa, Kija aliona plastiki ya kichwa cha ufunguo wa gari imepasuka. Baba mdogo akiwa usingizini, aliibandua, akaitupa kwenye shimo la taka. Akachonga kichwa kipya kutoka kwenye katambuga kuukuu, vile viatu vya tairi, akakikaza kwa waya. Kilipendeza, hasa ukikitazama kwa mbali.

Asubuhi baba mdogo aliugeuzageuza ufunguo. "Nani kafanya hivi?"

"Mimi, baba."

"Kija! Kumbe una mikono ya fundi!"

Ameitwa kwa jina lake! Kija alijiona amerefuka.

Lakini walipotaka kuondoka, gari liliunguruma, likazima. Likaunguruma tena, likazima. Mbele ya usukani taa ndogo nyekundu ilikuwa ikikonyeza.

Akaitwa Oyugi, fundi wa jirani. Aliinamia injini huku baba mdogo akiwa amekaa kwenye usukani. "Washa! Zima! Betri nzima, mafuta yapo. Wewe Msukuma, gari limesusa. Umelinyima nini?"

"Oyugi, tengeneza, acha maneno."

"Hiyo taa ni ya mtambo wa kuzuia wezi. Gari linakuona mwizi!"

"Mwizi wa gari langu mwenyewe?"

"Jana si liliwaka? Kuna kilichobadilika?"

"Hakuna," alijibu baba mdogo, wala hakuuwaza ufunguo.

"Basi tulivute mpaka gereji nikafumue nyaya. Magu sahauni."

Kija alikuwa mlangoni, akisikia yote. Jana, ndani ya ile plastiki, alikuwa ameona kidude cheusi, kama punje ya mchele. Alidhani ni uchafu. Akisema, sifa ya asubuhi ingeyeyuka, na jina lake labda lisingetajwa tena. Asiposema, mama angemngoja mpaka giza liingie.

"Kuna kilichobadilika," alisema. "Kichwa cha ufunguo kilikuwa na kidude ndani. Nilikitupa."

Baba mdogo akautazama ufunguo. Ule ukimya wa siku zote ukarudi.

"Ulikitupa wapi?" aliuliza Oyugi.

Kija alishuka shimoni, akafukua maganda ya ndizi na matumbo ya samaki, mpaka akaipata ile plastiki. Kidude kilikuwa bado kimenasa.

"Magari haya yanayokuja siku hizi kutoka Dubai yana ujanja," alisema Oyugi. "Ufunguo wowote wenye meno sawa utafungua mlango, lakini injini haikubali mpaka ikitambue kidude hiki." Akakishikilia kando ya tundu la ufunguo. "Washa!"

Gari likawaka, na safari hii halikuzima. Taa nyekundu ikalala. Oyugi akakizamisha kidude ndani ya ule mpira wa katambuga, akauzungushia utepe mweusi.

Baba mdogo alimtazama Kija, taka zimemjaa mpaka kwenye nywele. "Mikono yako bado ni ya fundi," alisema. "Lakini fundi hatupi kitu asichokijua kabla ya kuuliza. Na akikosea, anasema mapema, hata kama sifa zitampotea. Umesema, ndiyo maana tunaondoka."

Akajikuna kichwa. "Na mimi nilimwambia Oyugi hakuna kilichobadilika. Mtu asiyeongea na wa nyumbani kwake atajuaje? Haya, kaoge. Leo unanuka samaki kuliko mimi."

Kija alicheka, halafu akashangaa kusikia kwamba hacheki peke yake.