Kuibwa kwa Calandria

Banda namba tatu lilikuwa tupu.

Kufuli lilikuwa limefungwa vizuri. Ndoo ya maji ilikuwa imejaa. Lakini Calandria, farasi jike ambaye mji mzima wa San Eladio ulikuwa unamsubiri akimbie Jumapili, hakuwemo.

Inspekta Dardo Techera alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Ijumaa, mkononi kibuyu cha mate, kile kinywaji chao cha majani machungu, chupa ya maji ya moto kwapani. Koplo Zulma Larrosa alikuwa ameshafunga utepe kuzunguka eneo la tukio na alikuwa anawafukuza watu.

"Nani aligundua?" Techera aliuliza.

"Mimi." Nair Silveira, mwanamke wa miaka hamsini, ndiye aliyemtunza Calandria tangu akiwa mtoto. "Nilikuja kumlisha saa kumi na moja na nusu."

"Funguo zinakaa wapi?"

"Ubaoni, ofisini."

"Nani anajua?"

"Kila mtu, Inspekta. Hata wewe ungeuliza ungeambiwa."

Anselmo Berrutti, mwenyekiti wa klabu ya mbio, alikuja mbio huku tai ya shingoni imemkaa begani.

"Techera! Funga barabara! Funga daraja! Wanamvusha mpaka kwenda Brazili!"

"Nani?"

"Watu wa soya! Wanaotaka ardhi hii! Wameshakula uwanja wa mji wa jirani, sasa wanalimia palepale farasi walipokuwa wanakimbia. Sasa ni zamu yetu!"

"Vuta pumzi kwanza, bwana. Akikosekana huyo mmoja, kuna nini?"

Berrutti alimtazama kana kwamba ameulizwa mkate ni nini.

"Kuna nini? Wakubwa wa mji mkuu wameandika barua. Mbio za Tuzo Kuu Jumapili zikimbiwe na farasi wanane, pungufu ya hapo Jumatatu wanafunga uwanja. Orodha inafungwa leo saa kumi na mbili jioni. Nimezunguka mkoa mzima kutafuta wanane. Wafugaji wote wameuza."

"Na sasa unao wangapi?"

"Saba."

Watu waliokuwa nyuma ya utepe walitazamana. Familia mia mbili zilikula kutokana na uwanja ule: watunza farasi, mafundi wa kwato, wauza majani, kina mama wa soseji za kuchoma. Wote walijua maana ya saba.

Pembeni, mkufunzi wa Calandria, Ubaldo Irigaray, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia magotini. Alikuwa na miaka sitini na minane. Baba yake ndiye aliyesimika nguzo za kwanza za uwanja ule. Mjukuu wake Yisela, mwenye miaka ishirini na miwili, mpanda farasi wa Calandria, alikuwa anaenda na kurudi mbele yake, buti zikigonga saruji.

"Babu, sema kitu!"

"Niseme nini, binti?"

Techera aliingia bandani. Alichuchumaa, akatazama majani makavu. Pembeni palikuwa na shimo dogo la kulalia, na vinyesi vidogo vya duara.

"Nair. Mbuzi yuko wapi?"

Nair alishika mdomo. "Mungu wangu! Pancha!"

Kila farasi mwenye wasiwasi pale alipewa mnyama mwenzake wa kulala naye. Calandria alipewa Pancha. Bila Pancha alipiga mateke kuta mpaka kwato zikapasuka.

"Huyo mbuzi ni mpole?" Techera aliuliza.

"Mpole? Mwaka jana alimpiga pembe askofu alipokuja kubariki uwanja."

Koplo Larrosa alicheka, kisha akajikaza.

"Sasa nisikilize, Larrosa," Techera alisema kwa sauti ya chini. "Mtu wa soya akitaka farasi asikimbie, anafanyaje?"

"Anamchoma sindano palepale. Dakika moja."

"Anamchukua na mbuzi mkorofi?"

"Hata kwa kulipwa."

"Basi mwizi wetu ni mtu wa humu humu. Na hakutaka farasi ahangaike."

Walitoka kufuata alama. Udongo wa nyuma ya mabanda ulikuwa na umande, na kwato zilionekana wazi. Kando yake zilienda kwato ndogo za mbuzi, na viatu vya mtu. Larrosa alitandaza futi ya utepe.

"Alikuwa anatembea, Inspekta. Hakupandwa."

"Farasi mwenye kasi kuliko wote mkoani, anaibwa kwa mwendo wa mazishi. Pima hatua za mbele."

Larrosa alipima mara tatu. Uso wake ulibadilika. "Ya kushoto ni fupi. Anachechemea!"

"Anachechemea," Techera alirudia, akazifuata alama kwa hatua za kijana.

Alama zilifika barabara ya changarawe, ambako ng'ombe wa maziwa walikuwa wamepita alfajiri na kufuta kila kitu. Mbele yake mashamba ya mikaratusi yalitanda hadi mtoni. Mbali na Larrosa, kituo kilikuwa na askari sita. Techera aliwatuma wote sita wakayapekue, kisha akarudi stoo ya hatamu.

"Nair, nini kimepungua humu?"

Nair alipitisha macho. "Bandeji nne. Chupa ya siki. Na ndoo ya udongo mweupe."

"Wa nini?"

"Unauchanganya na siki, unaupaka mguu wenye joto, unafunga bandeji. Unavuta joto."

"Calandria alikuwa na mguu wenye joto?"

Nair alitazama chini. "Muulize daktari, Inspekta. Mimi nafagia tu."

Dakta Graciela Pons, daktari wa wanyama wa klabu, alikutwa kwenye gari lake, injini inaunguruma.

"Safari ya wapi, Dakta?"

"Nyumbani."

"Zima. Jumatano ulisaini kwamba Calandria ni mzima."

"Alipita ukaguzi."

"Sikuuliza hivyo. Alikuwa mzima?"

Pons alishika usukani kwa mikono miwili. "Mfupa una ufa. Mwembamba kama unywele. Mguu wa mbele, kushoto."

"Angekimbiaje?"

"Kwa sindano ya ganzi."

"Angemaliza?"

"Labda."

"Na kama si labda?"

"Mfupa unakatika kwenye kona. Kilomita sitini kwa saa, farasi saba nyuma. Na aliyepanda..."

"Nani aliagiza sindano?"

"Berrutti. Alisema ni Jumapili moja tu. Tukishapata kibali, atampumzisha."

"Nani mwingine alijua?"

"Sikumwambia mtu yeyote. Naapa."

Techera hakuhitaji kiapo. Wapo watu wawili walioshika mguu ule kila asubuhi bila kuambiwa na daktari. Larrosa alishamaliza kumhoji mmoja: Nair alilala chumba kimoja na wanawake wawili, na wote walisema hakutoka mpaka saa ya kulisha. Huyo mwingine aliishi peke yake.

Lakini mikaratusi yote inafanana, na mashamba yale yangechukua siku tatu kuyapekua. Orodha ingefungwa jioni.

"Wakusanye ukumbi wa klabu," Techera alimwambia Larrosa. "Berrutti, Pons, Nair, mzee na mjukuu. Mtu asitoke. Halafu piga simu kambi ya jeshi, daktari wao wa farasi aje hapa, sahihi ya Pons siiamini tena. Mwambie ni haraka."

Ilikuwa saa tano asubuhi.

Saa saba walikuwa bado wamekaa chini ya picha za farasi waliokufa zamani. Kibuyu cha mate kilizunguka mkono kwa mkono. Berrutti alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Yisela alitafuna kucha.

Saa nane Ubaldo aliinua mkono. "Inspekta, dawa zangu za presha ziko nyumbani."

"Zipo kwenye mfuko wa shati lako, Don Ubaldo. Naziona."

Saa tisa aliinua tena. "Mbwa wangu hajala."

"Huna mbwa, babu," Yisela alisema, akamgeukia. "Una nini wewe?"

"Nimechoka kukaa."

Saa kumi akasimama kabisa. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye nywele nyeupe. Alitazama saa ya ukutani, akatazama mlango, akatazama saa tena.

Techera alijimiminia maji ya moto taratibu. "Nair, niambie kitu. Ule udongo na siki, mtu anauacha mguuni muda gani?"

"Saa sita. Saba, ukizidisha."

"Ukiachwa zaidi?"

"Unakauka kama saruji. Unavuta ngozi. Ukibandua, nywele zinatoka na nyama."

"Ukipakwa saa kumi alfajiri, mpaka sasa ni muda gani?"

"Muda wa saa kumi na mbili! Mungu wangu, huyo farasi ataungua!"

"Na mwenye kumwosha," Techera alisema, "yuko wapi saa hii?"

Ubaldo alipiga hatua moja kuelekea mlangoni.

"Unavuta ngozi sasa hivi, Don Ubaldo."

"Nyamaza."

"Anapiga mateke. Kwa mguu wenye ufa."

"Nyamaza, nimesema!"

"Yuko wapi?"

"Kiwanda cha matofali!" mzee alilia. "Kile cha zamani, nyuma ya mikaratusi! Nendeni na maji ya uvuguvugu, msiubandue mkavu! Kimbia, Nair! Kimbia!"

Nair alikuwa ameshatoka. Larrosa alimfuata, redio mdomoni. Gari la polisi liliruka nje ya geti.

"Wewe?" Berrutti alisema. "Wewe, Ubaldo? Uwanja wa baba yako!"

"Nilikuambia Jumanne mguu una joto! Ukasema nini?"

Berrutti alianza kuvua tai.

"Mwambie Inspekta ulisema nini!"

"Nilisema... nitamleta mkufunzi mwingine."

"Farasi si wangu," Ubaldo alimwambia Techera. "Ni wa klabu. Kumtoa kwenye orodha siwezi. Kutangaza hadharani, basi mimi Ubaldo Irigaray ndiye niliyefunga uwanja, na mji mzima utatema mate nikipita. Nikakaa nikawaza. Nikasema, aibwe. Farasi akiibwa hakuna wa kulaumiwa. Pengine wakubwa wangetuonea huruma, wangetuongezea wiki."

"Kwa nini hukumwambia mjukuu wako? Yeye ndiye anayepanda."

Mzee alikaa chini. Sauti yake ikawa ndogo.

"Kwa sababu angepanda."

Wote walimtazama Yisela. Msichana alikuwa amesimama wima, macho yamejaa machozi.

"Ungepanda?" Techera aliuliza.

"Ndiyo," alisema. "Kwa uwanja huu? Ningepanda."

"Unaona?" Ubaldo alisema. "Niliwaokota mama yake na baba yake barabarani baada ya ajali. Huyu nisingemwokota kwenye ile kona."

Techera alitoa pingu, akamfunga mzee mikono. "Ubaldo Irigaray, nakukamata kwa wizi wa mali ya klabu. Dakta Pons, nawe unakuja kituoni. Bwana Berrutti, maelezo yako nitayachukua mwenyewe, na sindano itaandikwa ukurasa mmoja na wizi."

"Andika!" Berrutti alisema. "Andika unachotaka! Saa kumi na nusu sasa! Tuna farasi saba, na Jumatatu hakuna uwanja, hakuna chochote!"

Yisela alijifuta uso kwa mkono. "Barua inasema wanane."

"Najua inasema wanane!"

"Inasema wanane wenye kasi?"

Berrutti alichomoa barua mfukoni, akaisoma upya.

"Babu. Carbonero bado yuko kwenye daftari la wakimbiaji?"

Carbonero alikuwa farasi wa Ubaldo mwenyewe, mweusi, wa miaka tisa. Siku hizi kazi yake ilikuwa kuwaongoza farasi wadogo wenye hofu kila asubuhi.

"Yuko," mzee alisema polepole. Kisha akaruka kutoka kitini. "Yuko! Sikumfuta! Nilisahau kumfuta!"

"Ni mzima?"

"Miguu kama nguzo! Hana haraka tu!"

Daktari wa jeshi, kapteni mmoja mwenye masharubu, alikuwa ndiyo kwanza anashuka garini baada ya safari ndefu. Hakuruhusiwa hata kusalimia. Yisela alimshika mkono akamvuta mpaka bandani. Kapteni alimpima Carbonero mguu mmoja baada ya mwingine, akamtembeza, akamkimbiza, huku watu mia wamebana pumzi kwenye uzio. Redio ya Techera ikakwaruza: Larrosa. Farasi amepatikana, udongo umetoka, ngozi imechubuka kidogo, na yeye Larrosa amepigwa pembe.

"Mzima," kapteni alisema.

Uzio mzima ulipiga kelele.

Fomu ilitaka sahihi ya mwenye farasi. Techera alimfungua Ubaldo mkono wa kulia, akamfungua na wa kushoto, kwa sababu ilibidi mzee ashikilie karatasi. Saa kumi na moja na dakika hamsini. Yisela aliinyakua, akakimbia kuvuka njia ya farasi kwenda dirisha la uandikishaji, buti zikirusha mchanga, na nyuma yake Berrutti, tai mkononi, akipiga kelele, "Usifunge dirisha! Usifunge!"

Techera alimwingiza mzee kwenye gari. Hakuwasha injini. Walikaa wote wawili, madirisha wazi, wakisikiliza.

Kipaza sauti cha jukwaani kilikwaruza. Sauti ikaanza kusoma orodha ya Tuzo Kuu. Namba moja. Namba mbili. Ubaldo alikunja kidole kwa kila jina. Saba. Karatasi ikasikika ikigeuzwa.

"Namba nane, Carbonero. Mpandaji, Yisela Irigaray."

Kofia ziliruka juu ya uzio. Mtu alipiga honi, kisha honi zote za San Eladio zikaitikia.

"Atakuwa wa mwisho," Ubaldo alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka na alikuwa anacheka. "Wa mwisho kabisa! Inspekta, fanya hisani, mwambie asimguse na fimbo kabla ya kona ya pili. Hapendi."