Bafa Nzito

"Mbwa wangu kaingia chini ya nyumba tangu juzi, hataki kutoka! Kuku hawatagi! Pa, pa, pa, kutwa nzima! Una vita na nani, Vergil?"

"Nina kazi, Loretta. Watu wengine bado tunafanya kazi."

"Na mume wangu atalala saa ngapi?"

"Alale usiku kama Wakristo wengine."

Loretta Sizemore aliegemea uzio. Aproni ya maua, mabuti ya mumewe miguuni, na mdomo ambao bonde zima la Puncheon lilikuwa likiuheshimu.

"Alale usiku vipi na yuko kazini? Mlinzi wa ghala la mizizi ya jinsengi kavunjika nyonga. Wamemchukua Hobart. Tangu Jumatatu, jioni mpaka asubuhi. We huna habari? Hata mchungaji kamwombea Jumatano."

Kweli, kila mtu alikuwa na habari. Vergil Stamper peke yake hakuwa nayo, maana siku tatu alijifungia kwenye banda lake la ufundi bunduki, na kilichokuwa humo hakikuwa cha kuonyesha majirani.

"Ana silaha?" aliuliza taratibu.

"Ana bastola ya marehemu baba yake. Na unamjua alivyo mkaidi. Huyo hajanyoosha mikono juu kwa mtu yeyote, hata kanisani."

Vergil aligeuka, akarudi bandani.

Ijumaa, saa 5:20 asubuhi

Doyle alikuwa amechora ghala kwa chaki juu ya meza ya kazi. Ndugu mkubwa wa Vergil. Miezi miwili nje ya gereza, bado anakula kwa haraka kama anayeogopa kunyang'anywa sahani.

"Kesho msimu wa kulungu unafunguliwa," alisema. "Alfajiri milima yote italia risasi. Sherifu mwenyewe atakuwa juu ya mti akiotea kulungu. Tunavaa vizibao vya rangi ya chungwa kama wawindaji wote. Mtu akituona na bunduki, atauliza tu kama tumepata dume."

"Mapipa sita," alisema Rhonda Fugate, dereva. Alikuwa amepima mizizi hiyo ya dawa ya bei ghali pale ghalani misimu minne kabla ya kufukuzwa. "Jinsengi ya porini, kavu, mavuno ya kaunti nzima. Lori la mnunuzi linakuja saa mbili. Tukichelewa, imeshaenda."

"Hatuchelewi. Saa kumi na mbili na dakika arobaini. Mlango wa nyuma. Risasi ya kwanza naipeleka darini, kama kawaida yangu. Vumbi likimwagika, mlinzi analala chini. Asipolala, zinazofuata ni zake."

Hiyo ndiyo ilikuwa saini ya Doyle. Kila alipoingia, dari kwanza. Waliolala chini walipona.

"Mlinzi ni Hobart Sizemore," alisema Vergil.

"Jirani yako? Huyo wa mke mwenye kelele?"

"Hatalala chini, Doyle. Namjua. Tuache hii."

"Basi atalazwa."

Rhonda alitazama nje. Doyle akasogea karibu, akaweka vidole vyake mbele ya uso wa ndugu yake. Viwili havikuwa na kucha.

"Mgodi ulipokuangukia, nani alikuchimbua? Kikosi cha uokoaji kilisema umekufa. Mimi nikachimba. Leo nakuomba asubuhi moja, unaniletea habari za jirani?"

Vergil akikataa, Doyle ataenda bila yeye. Akimwita sherifu, Doyle atarudi gerezani akafie humo. Hobart alikuwa na siku moja ya kuishi, na kilichobaki mkononi mwa Vergil kilikuwa bunduki tu.

"Nitengenezee chuma changu," alisema Doyle. "Mengine niachie mimi."

Saa 6:45 mchana

Bunduki yenyewe ilikuwa ya mtutu mfupi, na ilikuwa na pupa. Ukipiga, bolti, chuma kinachosukuma risasi mtutuni, inarudi nyuma kwa kasi mno, inakimbia mbele kabla risasi nyingine haijapanda, inakwama. Dawa yake ni bafa: kipande cha chuma kinachokaa ndani ya kitako, mbele ya springi, kinachoipa bolti uzito wa kusukuma. Bafa nyepesi, bolti inarukaruka. Bafa nzito mno, bolti inachoka njiani, ganda linabanwa kwenye mlango wake wa kutokea, bunduki inanyamaza.

Bafa tatu zilikuwa mezani. Ya kati ndiyo iliyoponya ugonjwa. Vergil alijua hilo tangu jana. Kazi ilikuwa imekwisha.

Akaichukua ile nzito.

Kwa risasi zake mwenyewe, zenye baruti kali, ilifanya kazi safi. Kisha akajaribu za Doyle, zile dhaifu za bei poa za kupigia makopo. Mara tatu. Mbili zilikwama. Moja ilipita.

Alikaa akiitazama hiyo moja iliyopita. Alisimama. Akakaa tena. Kesho kutakuwa na baridi, alijiambia, mafuta yataganda kidogo, bolti itakuwa nzito zaidi. Alijiambia hivyo mara nne, kama mtu anayesema na mtoto mwenye homa.

Risasi ya kwanza ni ya dari. Ya pili isiwepo. Hayo tu ndiyo aliyoyataka duniani.

Saa 8:05 mchana

"Nipe niijaribu," alisema Doyle.

Vergil alimpa, magazini, kile kikasha cha risasi, ikiwa imejazwa zile kali za Vergil mwenyewe. Pa-pa-pa-pa. Kumi zote. Maganda yakaanguka fungu moja kama mahindi.

"Fundi!" Doyle alimkumbatia, akambusu kichwani. "Fundi, mtoto wa mama yangu!"

Ng'ambo ya uzio Loretta akatukana. Doyle akacheka, akaketi kwenye ndoo, akafungua boksi lake la risasi za bei poa, na kujaza magazini moja baada ya moja. Vergil alisimama pale mpaka ya mwisho ikaingia.

Jumamosi, saa 12:22 asubuhi

Barafu nyembamba kwenye nyasi. Milimani risasi zilikuwa zimeshaanza, hapa moja, kule tatu. Rhonda alizima taa za pikapu.

"Mbona hutulii, Verge?"

"Baridi."

"Mimi nasubiri dakika sita," alisema Rhonda. "Ya saba sipo."

"Utasubiri nikikuambia usubiri," alisema Doyle.

Rhonda aliiacha injini ikinguruma.

Saa 12:40

Mlango ulipasuka kwa teke moja. Harufu ya udongo na mizizi. Hobart alikuwa kwenye stuli, kikombe cha kahawa mkononi. Doyle akainua mtutu.

Pa! Dari ikapasuka, vumbi likamwagika.

"Lala chini, mzee!"

Hobart aliweka kikombe mezani. Akafungua koti, akatoa bastola ya baba yake. Bila haraka, kama anayetafuta miwani.

Doyle akamlenga kifuani, akavuta.

Kimya.

Ganda lilikuwa limebanwa kwenye mlango wa bunduki, nusu ndani nusu nje. Doyle akapiga magazini kwa kiganja. Akavuta mkono wa bolti. Bastola ya Hobart sasa ilimtazama usoni.

Vergil hakuwa amefikiria mpaka hapo. Aliwaza kumwokoa jirani. Hakuwaza kwamba kumnyamazisha ndugu yake ni kumvua nguo mbele ya mtutu. Miguu ilimtangulia. Akasimama katikati, akavua kofia iliyomfunika uso.

"Usipige, Hobart! Ni mimi, Vergil. Yake haitoi tena. Nimeiharibu mwenyewe."

Nyuma yake Doyle aliacha kuhangaika na bolti.

"Umesema nini?"

"Nilikubakizia moja, Doyle. Ya dari."

"Mbele ya mtu mwenye bastola?" Sauti ya Doyle ilikuwa ndogo, ya mtoto. "Mimi, Verge?"

Kitako kilimpiga shavuni. Vergil akaangukia magoti. Nje, pikapu iliguna na kuondoka; haikuwa hata dakika ya tatu. Doyle akatoka kwa mlango wa nyuma na bunduki yake, kizibao cha chungwa kikapanda mlimani kati ya vizibao vingine vya chungwa, kikapotea.

Saa 1:30

Sherifu alikuwa mbali, juu ya mti, ilimchukua muda kushuka. Hobart hakumfunga Vergil. Alimpa kitambaa cha kufutia damu. Vergil alikaa kizingitini, akisikiliza milima. Bunduki iliyokwama haikwami milele. Mtu mwenye nafasi hulitoa ganda kwa kisu, halafu anapiga moja moja.

Loretta aliteremka garini na kifungua kinywa cha mumewe, sufuria ya mikate ya moto na rojo ya soseji. Hobart alimweleza kwa sentensi nne. Alilitazama tundu la darini. Alimtazama mumewe, akamgusa bega kuhakikisha. Halafu akamgeukia Vergil.

"Kwa hiyo ile pa-pa-pa ilikuwa ya mume wangu."

"Ndiyo."

"Mwanaharamu wewe."

"Ndiyo, Loretta."

Risasi moja ililia karibu, upande wa mteremko. Vergil alisubiri ya pili ifuatie. Haikufuatia.

"Huyo ndiye?" aliuliza Loretta.

"Sijui. Anajua nilipo."

Loretta alitazama mlima, kisha sufuria, kisha shavu la Vergil lililovimba. Akausukuma mlango kwa nyonga.

"Basi toka hapo nje. Ingia ule. Na ukae upande usio na dirisha."