Vema Kumi na Nne

Nyumbani wananiita Kiherehere, na sikatai. Saa ya mezani inapolia saa moja asubuhi, mguu wangu mmoja huwa umeshafika mlangoni. Mama ni fundi cherehani na huondoka alfajiri, hata wikendi, kwa hiyo kazi ya kumpa mdogo wangu dawa ni yangu. Kidonge kimoja asubuhi, kingine saa moja jioni, kisha natia alama ya vema kwenye chati iliyobandikwa ukutani.

Mdogo wangu tunamwita Bwana Mdogo. Ana miaka minane na figo moja ya mama. Figo zake mwenyewe zilishindwa kazi, na mwaka jana mama akampa moja ya kwake. Hajawahi kunung'unika, ila mpaka leo akiinama kuokota sindano hushika ubavu.

Wiki moja timu yetu ya mpira wa pete ilikuwa na mashindano, nami sikuwa na muda wa chati. Jumatatu asubuhi nilichukua kalamu nyekundu nikatia vema zote kumi na nne za wiki nzima, chapuchapu. Nikajiona mjanja kweli.

Jumamosi nikiwa nafunga kamba za viatu, Bwana Mdogo aliuliza, "Dada, nimeshameza?"

Nikatupa jicho ukutani. Vema ilikuwepo. "Umeshameza, tazama mwenyewe," nikamjibu, nikatoka mbio. Jioni ikawa hivyohivyo, na Jumapili asubuhi pia.

Jumapili jioni nilipofungua pakiti nimpe kidonge, nilihesabu. Vidonge vitatu vilikuwa vimezidi. Nilivitoa nikavitumbukiza kwenye kopo la vifungo vya mama, nikafunika. Tangu hapo sikutulia. Niliketi, nikasimama, nikafagia chumba kilichokwisha kufagiliwa. Kila Bwana Mdogo alipokwenda chooni, nilitega sikio nisikie kama mkojo unatoka.

Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki. Alitolewa damu, tukasubiri majibu kwenye benchi refu. Miguu yangu ilicheza mpaka mama akanibonyeza goti. "Wewe mtoto, umekanyaga siafu?"

Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani ikining'inia shingoni. "Kiwango cha dawa kwenye damu kimeshuka," alisema, "na figo imeanza kulalamika kidogo. Vidonge amemeza vyote?"

Mama akatoa chati mkobani. "Binti yangu hakosei, daktari. Tazama vema zake."

Nilitamani sakafu inimeze.

"Basi dozi haimtoshi," daktari alisema, akashika kalamu. "Tutaiongeza."

"Kwani hii dawa inafanya nini?" Bwana Mdogo akauliza. Mtoto yule kwa maswali!

Daktari akatabasamu. "Inazituliza seli T. Ni seli za damu zinazokulinda. Kila moja ina vipokezi vya umbo lake. Huzunguka mwilini ikizigusa seli nyingine, na kila seli huonyesha kwa nje vipande vidogo vya kilichomo ndani yake. Kipokezi kikishikana na kipande kigeni, labda cha kirusi, seli T huamka na kushambulia."

"Kama vifungo vya kubana vya mama? Nusu inashikana na mwenzake tu?"

"Hasa! Na maumbo ni mengi mno, ndiyo maana zinatambua magonjwa mengi."

Bwana Mdogo akakunja uso. "Lakini hii si ugonjwa, ni figo ya mama! Hazijui?"

"Hazimjui mama, mwanangu. Zilifundishwa kukujua wewe tu. Seli za figo hii zina alama za mama, kwa hiyo seli T zikiamka zitaishambulia. Si kwa ubaya, ndiyo kazi yake." Kisha akamgeukia mama. "Ila dawa nayo ikizidi, kinga hulala kabisa, hata maradhi madogo yakamwangusha. Na figo yenyewe huumia. Ndiyo maana tunapima."

Kalamu ikashuka kwenye karatasi.

"Usiandike!" Nilishtuka kusikia sauti yangu. "Hakumeza vyote. Vitatu nimevificha kwenye kopo la vifungo. Vema nilizitia zote Jumatatu iliyopita."

Mama alinitazama, kisha akatazama chati, kisha akashika ubavu. Ingekuwa heri anigombeze.

Daktari akaiweka kalamu chini. "Vitatu? Una hakika?"

"Nina hakika, daktari."

"Basi dozi ibaki ilivyo. Arudi baada ya siku tano."

Siku hizo tano sijui nilizimalizaje. Mama alishona akinipa mgongo, nami nilisimama mbele ya Bwana Mdogo asubuhi na jioni mpaka kidonge kipite kooni. Siku ya tano daktari alisema kiwango kimerudi na figo imetulia. Nililia palepale, mbele za watu.

Tulipofika nyumbani mama alinikalisha. "Kusahau kungeweza kunipata hata mimi," alisema. "Lakini chati ile ndiyo macho ya daktari, nawe uliipaka uongo. Kidogo tu amzidishie mwanangu dawa kwa ajili ya wino wako. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, likiwa bado dogo."

Nilijua kazi ile ataichukua. Badala yake akabandika chati mpya ukutani, akanipa kalamu.

Saa moja jioni Bwana Mdogo alimeza, akaachama kinywa nikague mpaka chini ya ulimi. Ndipo nikatia vema, moja tu.